Safu ya Tatu

Jumamosi, saa tatu, karakana ya mafriji, Changamwe.
Stima imepotea, feni imelala kichwa upande,
nasi sita tumeizunguka meza yenye kovu la moto
tukijaza jedwali la mwaka ujao.
Safu ya kwanza: mwanafunzi ataweza nini.
Ya pili: tutampima lini.
Ya tatu, nyembamba kuliko zote, kana kwamba
aliyeichora alitaraji neno moja tu:
ushahidi.

Bi Mghoi, mkuu wa idara, anaandika upesi:
"Ataelewa mzunguko wa gesi."
Tsuma wa umeme anajipepea kwa ratiba:
"Kuelewa nako huonekana wapi? Puani?"
Tunacheka. Viazi vya karai vinapita mkono kwa mkono,
ukwaju unadondokea neno *ataelewa*,
hakuna anayeupangusa.

Mimi sicheki sana.
Mfukoni nina kipande cha bomba la shaba,
urefu wa kidole cha shahada.
Nilikikata mwenyewe, mwezi wa Mei, Shimanzi,
katika ghala la samaki la Bwana Famau,
miguu yangu ndani ya maji yenye magamba.
Aliyelehemu ni kijana wangu, Chigulu.
Nadharia, tisini na moja:
alichora kompresa ungedhani inapumua.
Vitendo nilimpima mimi, sabini na nne,
kwa kutazama tu kiungo kinavyong'aa,
saa kumi na moja jioni, vijana kumi na tisa foleni nyuma yake,
mtungi mmoja wa gesi kwa darasa zima.
Na kiling'aa, nakiri.
Ndani kilikuwa na tundu la kupita unywele, tena kwa taabu.

Kosa moja haliachi mke, husema watu.
Lakini lilimaliza nguru wa siku tatu.
Bwana Famau hakumpigia Chigulu. Alinipigia mimi.
"Mwalimu, fundi wako." Basi, akakata.
*Wako.* Neno hilo halina safu.

Na mwaka ule ule nilimwangusha Nyevu,
kwa kuwa kondensa aliiandika "lile la nyuma lenye joto".
Nyevu, ambaye huinamia mashine
kama mtu anayesikiliza mlangoni,
akakwambia, "Hii inakohoa, mwalimu,"
na kweli inakohoa.
Sasa yuko Kongowea, auza vitunguu,
na friji za nusu ya soko humngoja yeye.
Cheti hana.

Kwa hiyo Bi Mghoi afikapo safu ya tatu,
aulizapo, "Mtihani wa kuandika, au vipi?"
naliweka bomba mezani.
Tsuma analichungulia kama darubini,
haoni kitu. Anampa jirani, naye haoni.
Naomba ndoo, sabuni ya kufulia,
pampu ya baiskeli ya mlinzi.
Tsuma anaziba upande mmoja kwa gumba, mimi napiga hewa.
Kinafura kiputo, kimoja tu,
papo hapo penye mng'aro.

"Futa *ataelewa*," nasema.
"Andika: atalehemu, atajaza hewa, atapaka povu,
atangoja dakika kumi bila kuguswa bega,
na kama kinavuja, atwambie yeye kabla yetu,
kisha akikate, aanze upya,
na kuanza upya kusimpunguzie alama."

"Na muda?" Bi Mghoi haniangalii. "Vijana arobaini, mtungi mmoja."
Jibu la muda sina. Tunabishana hadi adhana ya adhuhuri:
majuma manne badala ya siku moja;
Tsuma atakopa mtungi kwa binamu yake Miritini;
nadharia kwa mdomo kwa atakaye, kidole juu ya mashine.
Mengine yanabaki na alama ya kuuliza, kwa wino mwekundu.

Stima inarudi. Feni inajikuna, inazunguka.
Karatasi zinataka kuruka; nazibana kwa bomba.
Halafu natoka uani, naitafuta namba ya Nyevu.
"Nani?" anauliza, soko zima likipiga kelele nyuma yake.
Sijui nianzie safu gani.